Maji Yasimwagike

1

Kihaka aliniambia nikae kabla hajawasha picha. Nikamwambia mimi ni wakili, si mgonjwa, awashe tu. Akawasha. Muda si mrefu nikakaa mwenyewe bila kuambiwa.

Mwanaidi Likapa, mteja wangu, alikuwa kwenye kiti cha ile mashine ya Mizani, kofia ya nyaya kichwani, mikono mapajani, viganja vimetazama juu. Ana miaka kumi na minne na miguu yake haikufika vizuri sakafuni. Taa zote zilizimwa isipokuwa moja. Kisha nyuma ya ukuta ikaja sauti ya mama yake.

"Mwanaidi! Mwanangu, nisaidie! Wananiua huku!"

Ikafuata sauti ya kipigo. Sauti ya kitu kizito kikitua juu ya mtu, tena na tena, na yule mama akiita jina la mwanawe mpaka jina likakatika katikati. Nywele za shingoni zilinisimama, na mimi nilijua fika kwamba mama mwenyewe saa ile alikuwa amekaa nje kwenye benchi, mzima wa afya, akijipepea kwa ncha ya khanga. Mizani ndivyo inavyofanya kazi. Mzazi akifika mapokezi anaulizwa habari za safari, anajibu kwa adabu zake, basi, mashine imeshapata sauti yote inayoihitaji.

Mwanaidi hakutikisika. Kope hazikucheza. Pembeni ya picha namba ilikuwa inapanda: kumi na sita, kumi na tisa, ishirini na moja. Ikasimama kwenye ishirini na tatu.

"Umeona mwenyewe," Kihaka akasema. Yeye ndiye mpimaji wa mahakama ile ya watoto ya jiji la Matuli, mtu wa maneno machache, si mbaya. "Mtoto gani anasikia mama yake anauawa asigeuze hata shingo?"

"Cheti cha kuzaliwa unacho hapo."

"Sheria haisomi cheti siku hizi, wakili. Unajua."

Najua, ndiyo. Tangu Mizani ije, utoto wa mtu hauko kwenye tarehe, uko kwenye ubongo. Walioiunda wanakueleza vizuri kabisa: ubongo wa kijana ni gari lenye injini kubwa na breki changa. Hofu ikimpanda anakurupuka, analia, anatukana, anakimbia. Breki zake ziko mbele ya kichwa, na hukomaa polepole kuliko kitu chochote mwilini. Basi mashine inamtisha mtoto, halafu inachungulia breki. Zikiteleza, ni mtoto, apewe ushauri arudi kwao. Zikishika, namba inapita kumi na nane: ni mtu mzima, na ajibu kama mtu mzima.

Sayansi yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba walipoifundisha mashine mtoto ni kitu gani, waliifundisha kwa watoto wa shule za mlimani, wale ambao mmoja akiumwa na mbu nyumba nzima inaamka. Hakuna aliyeteremka Bondeni kututazama sisi Walindu. Na ateremke kutafuta nini? Kwa watu wa Matuli sisi ni masizi. Tulikuja kutoka kusini mafuriko yalipomeza vijiji vyetu, weusi kuliko wao, na chale tatu kipajini, na mtoto wetu akishaota kifua tu, askari anamwita "wewe mama".

Kesi yenyewe ni hii: waliovunja lango la kituo cha maji wakati wa kiangazi walikuwa kundi la vijana. Mlinzi alianguka kutoka kwenye ngazi, akafa. Aliyeshika nondo alikuwa kijana wa mlimani, Deo Msangule, miaka kumi na saba kwa cheti. Kwenye kiti cha Mizani alilia, akamwita bibi yake, akamtemea Kihaka mate. Namba yake ikatoka kumi na tatu, na jioni ile alikula kwao. Mwanaidi alikuwa ameshika ndoo. Yeye ni ishirini na tatu.

Na ishirini na tatu maana yake Ngomeni, gereza la wakubwa, miaka ishirini. Wasichana wetu waliowahi kupelekwa kule nimewaona wakirudi. Mmoja alikuwa mteja wangu. Sasa anakaa nyuma ya mlango wa jikoni kwa dada yake, na mtu akibisha hodi anajikojolea.

"Bado kuna kipimo cha pili," nikasema.

"Cha mwisho," akasema Kihaka. "Na utanisamehe, wakili, sijawahi kuona cha pili kikishuka."

Nikaitazama tena ile picha iliyosimama. Vile viganja. Vidole vimekunjwa kidogo, kama vimeshika ukingo wa kitu cha mviringo. Kihaka hakuona kitu pale, na asingeweza kuona. Mimi niliona bakuli.

2

Mama yake nilimkuta anachambua mchicha mlangoni. Kabla sijamaliza salamu akauliza, "Alitulia?"

"Alitulia, dada."

"Alhamdulillahi." Akafuta mikono kwenye khanga, uso umemng'aa. "Nilimwambia mlangoni pale, usije ukanitia aibu mbele za wakubwa. Nikamwambia, mwanangu, shikilia maji."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nitamwambiaje mtu kwamba malezi yake mema ndiyo yanayomfunga mwanawe?

Kwetu msichana akivunja ungo anakaa ndani kwa somo yake, mama anayemfunda. Anapakatishwa bakuli la maji limejaa mpaka ukingoni. Halafu kina shangazi wanaingia. Wanapiga mabati masikioni mwake, wanamrushia nyoka aliyekufa, wanampa habari za msiba wa uongo, wanalia kweli kweli. Maji yasimwagike. Na akitoka ndani bado anayo, hayaonekani tu: mbele ya mgeni, mbele ya mkubwa, mbele ya hatari, uso wake unatulia kama maji yale. Anakaa hivyo mpaka siku somo atakapompakatisha bakuli lile lile kwa mara ya mwisho, alimwage mwenyewe juu ya miguu ya mwali, na kumwambia, "Yamemwagika, mwanangu. Sasa lia." Mimi siku yangu nililia kuanzia asubuhi mpaka nikapatwa na kwikwi, nimelala mapajani pa somo yangu, na yeye ananipangusa na kucheka. Sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule.

Nikamweleza yule mama yote: mashine, namba, Ngomeni. Nilisema taratibu. Mchicha ukamdondoka.

"Miaka ishirini kwa kutulia?"

"Kwa kutulia."

"Jamani! Kwani wao watoto wao wakitulia wanawapiga?" Akanishika mkono. "Si uwaeleze? Wewe umesoma."

"Nimewaeleza. Sheria inasema mila si ushahidi, ushahidi ni namba. Dada, somo yake ni nani?"

"Bibi yake, mama yangu mimi. Alikufa kabla hajammwagia. Mpaka ukoo ukae umchague mwingine, na ukoo wenyewe nusu bado uko kambi ya mafuriko huko."

"Na mimi nikimmwagia?"

Aliuachia mkono wangu kana kwamba umemchoma.

"Wewe ni nani kwake? Ulimpakatisha? Ulimlisha ndani?" Sauti yake ikashuka, na hapo ndipo nilipoogopa, maana mtu wa kwetu akianza kunong'ona ujue hatanii. "Hofu zote alizozizuia zimo mle. Za mafuriko, za bibi yake, za askari, zote. Somo anamwaga huku amemkumbatia, anazipokea moja moja. Akimwaga mtu baki, zinatoka zote mara moja, hazina wa kuzipokea. Unamjua Sikudhani wa kwa Chilewa? Alimwagiwa na mama wa kambo kwa hasira. Mpaka leo hajui sauti ipi ni ya kweli na ipi ya kichwani. Maji yakimwagika hayazoleki, wakili. Tafuta njia nyingine. Nakuomba."

Nikasema nitatafuta. Nilikuwa nimeshatafuta.

3

Mwanaidi aliinuka nilipoingia chumba cha mahabusu. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula." Sahani ilikuwa pale, haijaguswa. Akanitazama chale za kipajini, akatulia kidogo kwa kuona ni mtu wa kwao. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama mvua imenyesha, "Mama wameshamzika?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilikuwa nimesikia vizuri. Siku zote zile, mtoto yule amekaa mle ndani akijua mama yake alipigwa hadi kufa nyuma ya ukuta na yeye hakuinuka.

Kinasa sauti kilikuwa darini, kijitaa chake chekundu kinawaka. Sheria yao hii hapa: anayepimwa akiambiwa kitisho kilikuwa cha uongo kabla ya kipimo cha mwisho, kipimo kimevuja, kinafutwa, na namba ya kwanza inabaki milele. Neno moja tu, "yu hai," na ningekuwa nimempeleka Ngomeni kwa mdomo wangu.

Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi, linanong'ona chini kabisa ya moyo wangu. Kwamba huenda uchungu ule utamvunja. Kwamba nikimwachia mama aliyekufa, siku ya kipimo atalia. Nililisikia wazo hilo, nikalielewa, sikulifukuza. Nikajiuliza, basi mimi na ile mashine tunatofautiana nini?

"Kula kwanza," nikasema.

Akachukua tonge, akalishika tu. Kumshauri alie sheria haikukataza.

"Mwanaidi, nisikilize. Siku ile ukiwa kwenye kiti, hofu ikija iache ikupande. Lia, piga kelele, fanya lolote."

"Kuigiza?"

"Hapana. Ukiigiza inajua, inatazama ndani ya kichwa. Kulia kweli."

"Mbele za wanaume wale?"

"Mbele zao."

Akafikiri. "Shangazi, wewe ulipokaa ndani, ulilia?"

Ningesema uongo hapo, Mungu angenisamehe. Lakini mtoto amekutazama machoni namna ile.

"Sikulia."

"Haya," akasema, akarudisha tonge kwenye sahani. "Bibi hajaja kunimwagia. Siwezi kumwaga mwenyewe. Mama alisema nisimtie aibu, na sasa hayupo hata nimwombe radhi."

Mlango ukafungwa nyuma yangu. Askari akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia aniondokee mbele.

4

Asubuhi ya kipimo palikuwa na joto la kuchemsha ubongo. Msichana wa mapokezi akaniuliza, "Za safari, wakili? Umeamkaje?" Nikamjibu nimeamka salama, asante, foleni tu ndiyo imetusumbua. Nilijibu kama binadamu yeyote anavyojibu salamu. Ndugu zangu, mimi ninayeijua ile mashine kuliko viatu vyangu, nilijibu.

Mheshimiwa hakimu alikaa nyuma ya kioo pamoja na Kihaka. Mimi nilipewa kiti cha mlezi, maana mzazi hubaki nje, hatua moja kutoka kwa Mwanaidi. Masharti nikasomewa: kutosema, kutomgusa anayepimwa, kutoinuka. Kwa sababu ya joto waliniwekea jagi la maji na bilauri kwenye kimeza. Mwanaidi akavishwa kofia. Aliyatazama yale maji, kisha akaweka mikono mapajani, viganja juu.

Taa zikazimika, ikabaki ile moja.

Kwanza hakikuja kitu. Kimya tu, na pumzi ya mtu wa tatu chumbani, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Ilikuja nyuma ya shingo zetu, ikasogea. Nilijua ni spika. Mwili wangu ulikataa kujua.

Kisha mtu akasema, karibu kabisa na sikio lake, "Mwanaidi."

Ilikuwa sauti yangu.

"Mwanaidi, mwanangu, nimeshindwa. Nilikuficha ukweli pale mahabusu. Mama yako walimzika jana. Aliita jina lako mpaka mwisho, na wewe ulikaa."

Akageuza macho, macho tu, akanitazama. Midomo yangu ilikuwa imefungwa, na sauti yangu inaendelea kusema. Nilitikisa kichwa. Kengele ndogo ikalia nyuma ya kioo, onyo la kwanza. Nikaacha kutikisa.

"Wako mlangoni sasa," nikasema bila kusema. "Wamekuja kukuchukua. Mimi naondoka. Utabaki peke yako."

Mlango nyuma yetu ukaanza kutikiswa. Kweli ukatikisika, bawaba zikalia. Mwanaidi akarudisha macho mbele. Mshipa wa shingo ulimpiga kwa nguvu kiasi kwamba nikaona ngozi inaruka, lakini uso, looo, uso ulikuwa maji matupu. Ukutani namba ikawaka: kumi na nane. Ishirini na moja. Ishirini na nne. Ilipofikia ishirini na sita nilimwona Kihaka nyuma ya kioo anavua miwani na kujifuta macho.

Sitasema nilifikiri sana. Nilimfikiria yule mteja wangu nyuma ya mlango wa jikoni. Nikamfikiria Sikudhani wa kwa Chilewa. Mmoja alivunjwa na gereza, mwingine alivunjwa na mkono wa mtu wake, na mimi nilikuwa na mkono mmoja na jagi moja. Nikasema moyoni, dada, nisamehe. Nikaliinamisha.

Maji yakamwagikia miguu yake.

Alishtuka kama aliyepigwa na umeme. Akatazama miguu. Akatazama viganja vyake, vitupu. Akanitazama mimi, akisubiri neno linalofuata, yamemwagika, mwanangu, sasa lia, na mikono inayofuata baada ya neno. Ndivyo alivyoahidiwa tangu utoto. Na mimi nilikaa. Nilikalia mikono yangu, nikaung'ata ulimi mpaka nikaonja damu, kwa sababu ningemgusa tu kipimo kingefutwa.

Ndipo akalia.

Sitaki kuieleza ile sauti. Ilianza chini kama ya mtoto mchanga aliyesahauliwa, ikapanda. Alimwita bibi. Alimwita mama, akaomba radhi, akasema alikuwa amekuja, alikuwa anainuka, alikuwa anainuka. Alisema maji yameingia ndani ya nyumba. Akajikunyata juu ya kiti magoti yakiwa mdomoni, akitetemeka hadi nyaya zikagongana, na hapakuwa na mtu wa kumpokea. Namba ilikuwa inashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Kumi na tano. Kumi na moja. Nane. Kihaka akapiga kitufe kabla haijafika chini zaidi, taa zote zikawaka.

"Wakili," sauti ya hakimu ikatoka kwenye spika. "Yale maji?"

"Mkono ulitetemeka, mheshimiwa. Nilikuwa naogopa."

Na ule haukuwa uongo.

Hakimu akatamka kwamba anayepimwa ni mtoto kwa mujibu wa Mizani, arudishwe kwa mzazi wake leo hii. Nikaruka nikamkumbatia Mwanaidi kabla hajamaliza sentensi. Nikamwambia, "Yamemwagika, mwanangu, yamemwagika, lia." Nikamwambia mama yu hai, hakuna aliyemgusa, ilikuwa mashine. Nilisema kila nililolizuia, lote kwa pamoja, kama mwendawazimu. Alikuwa wa moto na mdogo, na hakunisikia. Kila nilipofungua mdomo alirudi nyuma. Nikaelewa kwa kuchelewa: ilikuwa ni sauti ile ile.

Nikanyamaza. Nikamshika tu. Taratibu akaanza kutulia begani kwangu, nikasema moyoni, Mungu mkubwa, huenda nimewahi.

Huko nje walikuwa wameshamwambia mama yake. Nikasikia kandambili zikikimbia kwenye korido, na kabla sijaweza kuinuka, kabla sijaweza kumzuia, mlango ule ule ukatikiswa.

"Mwanaidi!" mama yake akalia nyuma ya ukuta. "Mwanangu! Mwanangu, niko huku!"

Mtoto akaganda mikononi mwangu. Kisha akajitoa, akakaa wima kwenye kile kiti kilicholowa, akaweka mikono mapajani, viganja juu. Vilikuwa vinatetemeka, havishikiki. Akanitazama.

"Shangazi, nirudishie maji yangu," akasema. "Upesi. Sauti imerudi."